Nyama Tusiyoiona

Ijuganyondo, Bukoba
Jumamosi

Mama,

Leo imetimia miezi saba tangu kaka zako waje na lori kukuchukua. Sijakuandikia kabla kwa sababu kila nikishika kalamu hasira inatangulia mkono. Nimesoma madarasa manne tu na mwandiko wangu unaujua. Hasira ikiingia hausomeki kabisa. Leo nimeamua uwe hivyo hivyo.

Nianze na habari za nyumbani. Chumba bado tunacho. Paa la upande wa jiko linavuja palepale, na mwenye nyumba bado anasema atatuma fundi. Shubira amefikisha miaka tisa. Kemilembe ameng'oka meno mawili ya mbele na anacheka na kila mtu ili yaonekane hayapo. Siku za meli nauza chakula gatini, na siku nyingine napeleka sufuria kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa. Wachukuzi walikuulizia mpaka nikachoka kujibu. Yule mrefu mwenye kovu, uliyekuwa ukimwongezea mchuzi bila yeye kuomba, alipoambiwa umefariki aliweka sahani chini akaondoka bila kula. Siku ile nilimpenda kuliko ndugu zako wote.

Nimeazima mashine ya kusagia nyama kwa binti wa Bi Zainabu. Unaifunga kwenye ukingo wa meza, unazungusha mkono, nyama inatoka upande wa pili kama minyoo. Bega langu la kulia limekataa kukata nyama kwa visu viwili. Mashine inasaga kila kitu pamoja na ile mishipa uliyokuwa ukiitoa kwa ncha ya kisu, mmoja mmoja, umeinama mpaka mgongo unalia. Wateja hawajui tofauti. Wewe ungejua kwa kutia kidole tu.

Mwezi uliopita alikuja bibi mmoja wa Kizungu, mke wa bwana wa serikali, kuwafundisha wanawake wa huku mapishi ya bei nafuu kwa nyama ya kusaga. Tuliitwa chini ya kivuli cha shule. Alileta ratli mbili za nyama, mayai sita, maziwa, siagi na mkate mweupe. Akanichagua mimi nimshikie bakuli. Alipomaliza kuchanganya akaitia yote kwenye bati, akasema sasa inaokwa katika tanuri kwa saa nzima, na hicho ndicho chakula rahisi cha familia. Jirani yetu, mke wa fundi cherehani, akauliza tanuri liko wapi. Mkalimani hakumtafsiria. Tulipiga makofi tukaenda zetu, na nyama ile ilirudi na gari kuokwa kwake.

Alipokuwa akichanganya iligandamana mikononi mwake. Nikachovya mikono yangu kwenye maji, nikaifinyanga kama ulivyonionyesha. Akaniuliza nani kanifundisha. Nikasema, "Mama yangu." Neno lilitoka lenyewe. Kisha nikakaa na bakuli mapajani nikiona aibu, kwa sababu hilo silo neno nililokuita ulipoingia kwetu mara ya kwanza. Wala silo nililokuita siku ulipotoka.

Nataka niyaandike yote, yakae mahali.

Nilikuwa na miaka minane mama yangu mzazi alipokufa, kijijini kwetu upande wa Rubya. Baba hakumaliza mwaka akakuoa wewe, Yustina wa Kagoma. Mahari kaka zako waliipokea wakashukuru. Miezi michache baadaye Baba akaandikishwa uaskari akaenda vitani, akakuachia watoto watatu usiowazaa: mimi, Mutalemwa aliyenifuata, na Roza ambaye alikuwa bado hajatembea. Katika kibanja cha jirani, shamba la migomba lililopakana na letu, alikaa Shangazi Paulina, dada wa Baba, na macho yake yalikuwa mlangoni kwetu toka asubuhi.

Walikusema kabla hujafungua mzigo wako. Ulipokuwa msichana ulifanya kazi Bukoba mjini kwa Bi Zainabu, mama wa Kiislamu wa asili ya pwani aliyeuza sambusa karibu na soko. Kwa watu wa kwetu, mwanamke aliyekaa mjini alikuwa na kazi moja tu, na haikuwa kukanda unga. Nilisikia hayo kisimani nikiwa na mtungi kichwani. Niliyachukua nikarudi nayo nyumbani kama yalikuwa yangu.

Nyama ilikuwa ya nadra miaka ile. Mtu akichinja, wewe ulikwenda ukachukua shingo, nusu ratli, vipande ambavyo wengine walivisukuma pembeni kwa sababu vilikuwa vigumu kama ukanda. Kwa majirani nyama ilikatwa mapande, na kila pande lilikuwa na mwenyewe kabla halijaingia chunguni. Hili la baba, hili la mgeni, hili la mtoto wa kiume. Msichana alipewa mchuzi na kuambiwa ashukuru. Wewe uliilaza shingo ile juu ya ubao, ukashika visu viwili, ukaikata mpaka ikawa kama udongo mwekundu. Uliikaanga kwanza bila mafuta, katika maji yake yenyewe, mpaka ikalia. Kisha vitunguu, kisha maharage uliyoyaponda kidogo, kisha ndizi. Siku nyingine uliichanganya na nyanya chungu na karanga za kusaga. Siku nyingine uliponda ndizi zilizoiva kwa moto, ukaweka kijiko cha nyama katikati, ukafunga katika jani la mgomba ukapika kwa mvuke, na kila mtoto alipewa jani lake afungue mwenyewe.

Nusu ratli, watu wanne, siku mbili. Hata Shangazi alipokuja kupeleleza ulimpa.

Hakuna aliyeweza kuchagua katika chungu chako. Kila tonge lilikuwa na nyama na hakuna tonge lililokuwa na pande. Mimi na Roza tulikula sawa na Mutalemwa. Hilo nimelielewa nikiwa mwanamke mzima, nikiwa nimeshaonja nyumba nyingine. Wakati ule nilielewa jambo moja tu, kwamba katika nyumba yetu sikuwahi kuona pande la nyama.

Shangazi aliniuliza siku moja tukichuma kahawa, kwa sauti laini ambayo hakuwa nayo siku nyingine, kama huyo mwanamke anatupa nyama. Nikasema, "Hatuioni." Nilisema kweli, Mama. Hatukuiona. Yeye akaguna, akaendelea kuchuma, na kabla kahawa haijakauka uani, kijiji kizima kilijua kwamba Yustina anakata nyama vipande vidogo ili watoto wasihesabu anachokula yeye jikoni.

Hilo lingekuwa la Shangazi peke yake ningekuwa nimelala usingizi miaka yote hii. La kwangu ni lile lililofuata.

Baba alirudi kutoka vitani. Alikuwa amekonda, ana koti refu la jeshi, na katika begi lake mlikuwa na khanga aliyoinunua Nairobi. Alikupa wewe. Mutalemwa alipewa kisu kidogo cha kukunja. Roza alipewa biskuti. Akanitazama mimi kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, akasema nitapata siku nyingine. Ulitaka kuikata khanga ile unipe nusu, nakumbuka uliinyoosha ukatafuta katikati, na mimi nikakwambia sitaki kitu chako.

Kesho yake Shangazi alikuja, wakakaa na Baba barazani wakinywa rubisi, pombe ya ndizi. Nikaitwa. Wewe ulikuwa jikoni, ulikuwa umenunua nyama kwa ajili ya kurudi kwake, na sauti ya visu ilikuwa ikifika mpaka barazani. Baba akaniuliza, "Ni kweli hamli nyama?" Akauliza tena, "Anaila yeye?"

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na moja, si mtoto mdogo. Nilijua kwamba hata siku moja sikukuona unakula kabla yetu. Nilijua kwamba mara nyingi ulikula ndizi tupu kwa chumvi ukisema tumbo limejaa. Nilisema ndiyo kwa sababu ya khanga.

Baba hakukupiga. Watu wa kwetu walimsifu kwa hilo, kwamba ni mpole. Alikwenda mpaka mlango wa jiko akakwambia ufunge vitu vyako urudi Kagoma, na kwamba kaka zako watarudisha mahari kwa sababu wamemuozesha mwizi. Hakukuuliza kitu. Ulikuwa umeshika visu viwili mkononi na ulivitazama kama umesahau vilifikaje pale. Ukasema, "Nimalize kupika." Akakuacha umalize, ukapika. Ukapakua sahani tatu ukatuita tukala huku ukifunga khanga zako. Uliniwekea mbele sahani yangu, ukaniangalia. Nikajua kwamba umesikia. Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa fito na majani tu. Roza alilia akikufuata mpaka kwenye njia, Shangazi akamvuta mkono.

Nilikula chakula kile chote. Naandika hili kwa mkono wangu mwenyewe.

Baada yako Shangazi ndiye alitupikia. Nyama ikakatwa mapande kama kwa watu. Mapande matatu, manne, yote yakienda barazani kwa Baba na wageni wake, na sisi tukipewa mchuzi. Sasa nyama tuliiona. Tuliiona kwa macho ikipita.

Habari zako nilizisikia kwa vipande. Kwamba kaka yako Efraimu alikufungia mlango kwa sababu ulimrudishia aibu na mahari yako alikuwa ameshaitoa kumwoa mke wake. Kwamba alisema kibanja cha baba yenu hakina nafasi ya mwanamke aliyefukuzwa. Kwamba ulilala siku kadhaa kwa mchungaji, kisha ukaenda Bukoba kwa miguu, kwa Bi Zainabu, ambaye hakukuuliza kitu zaidi ya kama bado unaweza kukunja sambusa. Nilizisikia habari hizo nikaolewa, nikazaa wasichana wawili, nikawa na shida zangu.

Mume wangu alikwenda Uganda kutafuta kazi, hakurudi. Ndugu zake walisubiri mwaka mmoja na nusu, kisha wakaniambia kibanja ni cha ukoo na mimi sijazaa mtu wa kukirithi. Baba nilimwendea. Alisema nyumba yake ni ndogo. Basi nikabeba Kemilembe mgongoni, nikamshika Shubira mkono, nikaja mjini kama ulivyokuja wewe. Na kama wewe, nilisemwa malaya kabla sijafika.

Nilikukuta gatini. Sikukutafuta, ila siwezi kusema kwamba sikujua uko mjini. Ulikuwa umekaa nyuma ya sinia, umenenepa kidogo, unafukuza nzi kwa jani. Nilisimama mbali muda mrefu. Shubira ndiye aliyekwenda, alikuwa na njaa, akasimama mbele ya sinia lako kidole mdomoni. Ukampa sambusa. Ukauliza mama yako yuko wapi, akanionyesha. Ulinitazama, ukawatazama watoto, ukasema, "Huyu mdogo ana homa. Mlete kivulini."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyoniambia baada ya miaka yote ile. Siku hiyo hiyo ukatuleta katika chumba hiki.

Miaka sita, Mama. Ulinifundisha kuchagua shingo na kifua kwa muuza nyama bila kumwonyesha kwamba unahitaji. Kutia mkate uliolala ndani ya nyama ili iongezeke na isikauke. Kuponda maharage nusu na kuacha nusu ili mtu atafune, maana mtu akitafuna anaamini ameshiba. Kukata kitunguu kingi zaidi ya nyama katika sambusa na kukikamua maji. Kufanya kababu za ndizi kwa watoto, na kuwaachia wao wenyewe wazifinyange hata zikitoka kama mawe. Nilivimba vidole, nikajikata, nikajifunza. Jioni tulikula sisi wanne kutoka chungu kimoja, na wewe ulikula pamoja nasi, na mimi nilikuhesabia matonge kwa siri nione kama unakula kweli.

Mara mbili nilitaka kusema. Mara ya kwanza tulikuwa tunakata nyama, mimi na wewe, na nikaanza, "Mama, siku ile Baba alipotoka vitani..." Ukasema, "Shika kisu vizuri, utajikata." Sikuendelea. Nilijiambia ni wewe uliyenikataza. Ukweli ni kwamba nilishukuru kukatazwa.

Mara ya pili ulikuwa tayari mgonjwa. Tumbo lilikuwa limekuvimba upande mmoja na chakula hakikai. Daktari alisema kuna uvimbe ndani unaotakiwa kukatwa, na hapa hawana mtu wa kufanya hivyo. Upelekwe Kampala, na upelekwe mapema. Nilikwenda Kagoma mwenyewe. Efraimu ana ng'ombe, nilimkuta na dume lake jeusi limefungwa chini ya mti, linang'aa. Nilipiga magoti uani kwake. Nilimwambia auze dume lile dada yake atibiwe, na kwamba mimi nitamtumikia mpaka lirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho, alikuwa na adabu. Kisha akasema dume la ukoo haliuzwi kwa ajili ya mwanamke aliyerudishwa kwa wizi.

Mama, wizi ule ni wangu. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake na neno liko mdomoni, na ningelisema pale pale labda angesikia. Labda. Nikaona kwamba nikilisema atanifukuza, nikalimeza ili niendelee kumbembeleza. Nikabembeleza bure. Nikarudi na mkungu mmoja wa ndizi aliompa mke wake anipe.

Nilipofika ulikuwa umelala na uso ukutani. Nikakaa kitandani nikasema, "Mama, nilidanganya." Ukasema, "Maji yanachemka." Yalikuwa yanachemka kweli. Nikainuka kuyatoa. Ulikufa siku tisa baadaye, asubuhi, Kemilembe amekushika kidole.

Siku ya pili wakaja na lori. Mtu wa ukoo hazikwi ugenini, Efraimu alisema, anazikwa kwenye kibanja cha baba yake. Kibanja kilekile. Sikuwa na nguvu ya kugombana nao. Mimi kwako ni nani, kwa hesabu zao? Nikapanda nyuma na watoto, tukakaa pande zote mbili za jeneza ili lisiyumbe njiani.

Na walichinja dume jeusi. Walilichinja ili watu wasiseme Efraimu amemzika dada yake kwa maharage. Mapande makubwa kama ngumi, yamerundikwa kwenye majani ya migomba, watu wanachagua yenye mafuta. Baba alikuja. Alipewa kiti. Alikula. Shangazi Paulina alikuwa ameketi mkekani karibu naye, amenyoosha miguu, na alipopewa fungu lake akalitazama akasema, si kwa sauti kubwa, "Leo Yustina amewapa watu nyama inayoonekana."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, cha kuficha mdomo. Efraimu naye alicheka.

Nikasimama. Sijui nilisimamaje. Nikasema, "Hakuiba. Ni mimi niliyedanganya. Alitupa nyama kila alipoipata na yeye akala ndizi na chumvi. Baba aliniuliza, nikasema ndiyo, na ilikuwa uongo."

Baba akasema, "Kaa chini, wewe. Hayo ni ya zamani." Akaendelea kutafuna. Mchungaji akatazama kitabu chake. Shangazi akasema uchungu unanisemesha. Mutalemwa, ambaye sasa ni mwanaume mwenye ndevu, aliweka fungu lake juu ya jani, akaenda kusimama kwenye kaburi peke yake, akiwapa watu mgongo. Huyo mmoja tu. Wengine walimaliza dume.

Baba alinifuata nilipokuwa napanda barabarani na watoto. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Alisimama akihema, ameegemea fimbo yake, akasema, "Ungesema mapema."

Nikamwambia, "Hukumuuliza yeye hata mara moja." Akatikisa kichwa kana kwamba sijaelewa swali, akarudi kwenye kiti chake.

Lakini neno lake nimelala nalo miezi saba. Ningesema mapema. Ningesema nikiwa na miaka kumi na mbili, au siku ya harusi yangu, au nikiwa nimepiga magoti uani kwa Efraimu. Nimemchukia Baba kwa kila jambo alilofanya, na hili moja analolisema ni kweli, na hilo ndilo ninalomchukia nalo zaidi.

Shubira alikuwepo siku ile. Hakuniuliza kitu njia nzima, wala miezi yote iliyofuata, nikadhani amesahau. Jumatano hii nilikuwa nakata kitunguu, yeye anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa, "Kule Kagoma ulisema ulidanganya. Ulidanganya nini?"

Nikamwambia yote. Sikupunguza. Nilimwambia na la khanga. Alisikiliza mikono imesimama ndani ya ungo. Kisha akauliza, "Bibi alijua?"

"Alijua."

"Na tulipokuja gatini alikupa chakula?"

"Alinipa."

"Na ukala?"

Nikasema, "Nilikula."

Akasimama akakung'uta maharage kwenye chungu, akaenda kukaa kwa mke wa fundi cherehani. Anarudi kulala tu. Siku ya nne leo hajala kwa mkono wangu, na anapokutana na macho yangu anaangalia pembeni kama mtu mzima. Sijamlazimisha. Yeye ndiye uliyempa sambusa ya kwanza. Ana haki ya kukulilia kwa namna yake, na kama namna yake ni kuninunia, sawa.

Sikuombi msamaha, Mama. Ulipokuwa na mdomo hukutaka kusikia, na mimi sitajijibu mwenyewe kwa sauti yako. Kama ulikuwa umenisamehe au ulikuwa umechoka tu, umekwenda nalo. Mwanzoni nilikukasirikia kwa hilo. Nilisema mbona hukunitukana hata mara moja, mbona uliniacha nibaki na hili peke yangu. Sasa naona ulikuwa na watoto watatu tena wa kulisha na hukuwa na nafasi ya kunisikiliza nikilia.

Ninachokuahidi ni hiki. Sitawaachia watu wa Kagoma wala watu wa kwetu wakusimulie. Kemilembe akifikisha umri nitamwambia kama nilivyomwambia dada yake, hata akininunia mwaka. Roza ameolewa ng'ambo ya Muleba, hakumbuki sura yako, anajua tu kwamba palikuwa na mwanamke mwizi aliyefukuzwa. Barua yake naiandika nikimaliza hii, naye ataisoma au atasomewa. Na Baba akifa nitakwenda kumzika, kwa kuwa ni baba yangu. Nyama yake sitaila.

Lala, Mama. Jumatatu kuna meli, na maharage bado hayajachambuliwa.

Mwanao,
Kokugonza